Jumba la Harewood: Uzuri Huu Aliulipia Nani?

Kila inapofika likizo ya shule, ndugu zetu wanaoishi Uingereza huulizana wawapeleke wapi watoto. Wengi huishia katika maduka makubwa, ilhali nchi ile imejaa majumba ya kale ya mashambani, yenye bustani pana ambazo zamani hakuingia ila mwenye mali, wageni wake na watumishi wake. Leo huingia kila anayekata tiketi. Wiki hii safu yetu inapendekeza jumba moja miongoni mwa hayo, nalo ni Harewood, katika Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, si mbali na mji wa Leeds. Basi nambari 36, liendalo Harrogate na Ripon kutokea Leeds, husimama karibu na lango lake.

Tunalipendekeza kwa sababu mbili. Kwanza, ni zuri kwelikweli. Pili, lina hesabu ambayo haijafungwa, na hesabu hiyo inatugusa sisi watu wa Pwani kuliko tunavyodhani.

Tuanze na uzuri wake, kwani kuukana uzuri wa kitu kwa sababu humpendi mwenyewe si uadilifu. Ujenzi ulianza mwaka 1759, na familia ya Lascelles ikahamia mwaka 1771. Msanifu wa jengo alikuwa John Carr wa mji wa York. Mapambo ya ndani yalikabidhiwa Robert Adam, bingwa wa zama zake, aliyezitandaza dari kwa nakshi za lipu zilizo nyepesi kama kazi ya sindano. Samani zilitengenezwa na Thomas Chippendale, seremala ambaye jina lake hutajwa hadi leo popote panapozungumzwa viti na makabati ya thamani, naye alizaliwa Otley, mji ulio jirani na hapo. Katika ukumbi mrefu wa picha, mgeni huinua macho juu ya madirisha akaona pindo za mapazia mazito zimening'inia kwa mikunjo. Akisogea karibu hugundua kwamba si kitambaa bali ni mbao, zilizochongwa na kupakwa rangi kwa ustadi hata jicho likadanganyika. Chini ya ghorofa hizo limo jiko la kale, na masufuria ya shaba yamepangwa safu kwa safu. Watoto hulipenda jiko hilo kuliko vyumba vyote.

Nje ya jumba kuna kazi ya mikono miwili, ya nyakati mbili. Upande wa kusini limejengwa baraza pana la mawe, lenye chemchemi za maji na vichaka vilivyokatwa kwa mistari ya nakshi kama zulia. Hilo ni la miaka ya 1840, kazi ya Charles Barry, ambaye ndiye pia msanifu wa jengo la Bunge la London. Ukiegemea ukingo wa baraza hilo, mbele yako hushuka majani mabichi hadi kwenye ziwa la ekari 32, na ng'ambo yake misitu na vilima. Mgeni hudhani ameyaona maumbile ya Mwenyezi Mungu kama yalivyokuwa tangu azali. Kumbe mandhari ile nayo ilitengenezwa. Katika miaka ya 1770 Lancelot Brown, aliyepewa lakabu ya Capability, alizuia kijito kikawa ziwa, akapanda miti kwa vishada, akaiumba ardhi ifuate macho ya mtu aliyesimama dirishani. Ndiyo iliyokuwa sanaa yake: kufanya kazi kubwa kisha kuifuta athari yake, ionekane kama hakuna aliyeinua jembe.

Hapa ndipo swali linapozaliwa. Ikiwa mandhari yenyewe ilipangwa isionyeshe jasho la aliyeitengeneza, je, fedha iliyoigharimia nayo ilitoka wapi?

Jibu lipo, na limeandikwa. Henry Lascelles, aliyezaliwa mwaka 1690, alikwenda kisiwa cha Barbados katika bahari ya Karibi, akawa mkusanya ushuru wa forodha katika bandari ya Bridgetown. Alifanya biashara ya sukari, akashiriki katika merikebu zilizosafirisha watu kutoka Afrika, na juu ya yote akawakopesha wenye mashamba fedha kwa riba. Alirejea Uingereza akiwa tajiri mkubwa na, mwishoni mwa miaka ya 1730, akainunua ardhi ya Harewood. Alipofariki mwaka 1753, mwanawe Edwin, aliyezaliwa huko huko Barbados, alirithi ardhi hiyo na fedha za kuijengea.

Riba ikafanya kazi yake ijulikanayo. Wenye mashamba walioshindwa kulipa walinyang'anywa rehani zao, na kati ya mwaka 1773 na 1787 familia hiyo ilijikusanyia zaidi ya ekari 27,000 katika visiwa vya Barbados, Jamaika, Grenada na Tobago. Rehani hizo hazikuwa udongo na miwa peke yake. Katika orodha ya mali, pamoja na ng'ombe na mitambo ya kukamulia miwa, waliandikwa wanaume, wanawake na watoto. Ndio waliokata miwa juani na kukesha kwenye majiko ya kuchemshia sukari, ili kule Yorkshire Chippendale alipwe ujira wake na Brown apate wa kuchimba ziwa lake.

Mwaka 1833 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni hayo. Twapenda kuwasimulia watoto habari hii kama ushindi wa haki, nayo ni kweli ilikuwa hatua kubwa. Lakini isomwe yote. Serikali ilitenga fidia ya pauni milioni 20, kiasi kinachokadiriwa kuwa asilimia 40 ya matumizi yake ya mwaka mzima, na fedha hizo hazikupewa waliotumikishwa. Walilipwa waliowatumikisha, kwa hoja kwamba wamepoteza mali. Earl wa pili wa Harewood alipokea zaidi ya pauni 26,000 kwa ajili ya watu 1,277. Watu wale 1,277 hawakupata kitu. Sheria iliwalazimisha, wao na wenzao, waendelee kuwatumikia mabwana kwa jina la uanagenzi hadi mwaka 1838.

Mwaka 2018 Wizara ya Fedha ya Uingereza ilieleza kwamba mkopo uliochukuliwa kwa ajili ya fidia ile ulimalizika kulipwa mwaka 2015. Maana yake ni kwamba kila aliyefanya kazi huko na kukatwa kodi kabla ya mwaka huo, wakiwemo wajukuu wa watumwa wa Barbados na ndugu zetu waliotoka Mombasa na Unguja, alichangia sehemu ya malipo hayo bila kujua.

Wapo watakaosema kuwa hayo yalikuwa mambo ya zama zao, na kila mtu wakati ule aliyaona halali. Si kweli kwamba kila mtu aliyaona halali. Waliokuwa utumwani hawakuwahi kuulizwa, na walipojisemea walisema kwa vitendo: Barbados waliinuka mwaka 1816 wakiongozwa na Bussa, na Jamaika mwishoni mwa mwaka 1831 wakiongozwa na Sam Sharpe. Anayesema "wote walikubali" amewatoa watu hao katika hesabu ya wote.

Wengine watasema wajukuu wana kosa gani kwa yaliyotendwa na mababu. Hoja hii ina uzito, na sisi tuna njia yetu ya kuipima. Dhambi hairithiwi. Lakini mirathi yetu inatufundisha kwamba deni la marehemu hulipwa kwanza, kabla warithi hawajagawana chochote. Mtu hawezi kuipokea nyumba kwa mkono mmoja na kuisukuma daftari ya madeni kwa mkono wa pili.

Inafaa tukiri kwamba wenye Harewood wa leo hawaisukumi. Tangu mwaka 1986 jumba na bustani zake husimamiwa na taasisi ya hisani yenye lengo la elimu. Nyaraka za biashara ya Karibi zilizosalia zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha York, ambako watafiti huzisoma. David Lascelles, Earl wa nane, amesema hadharani mali ya wazee wake ilikotoka, na mwaka 2023 alikuwa miongoni mwa walioanzisha kundi la wazao wa wamiliki wa watumwa wanaounga mkono madai ya fidia. Mwaka huo huo, katika vyumba ambavyo kuta zake kwa zaidi ya karne mbili zilibeba sura za mabwana na mabibi, ilitundikwa picha ya David Harewood, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Barbados. Wazee wake walitumikishwa katika shamba la familia hiyo, na jina la ukoo wake limetokana na cheo cha bwana wao. Picha moja haifuti deni. Hata hivyo mtoto wa Kiafrika anayepita ukumbini leo huona kwamba nyumba ile ina wenyewe zaidi ya wale waliochorwa na Reynolds.

Sasa, ndugu msomaji, tusiwe kama nyani asiyeona kundule. Kanuni ile ya kumlipa bwana na kumwacha mtumwa mikono mitupu ilifika hadi kwetu. Utajiri wa karafuu wa Unguja na Pemba katika karne ya 19 ulipaliliwa na watu waliotolewa bara, kutoka pande za Ziwa Nyasa na kwingineko, wakavushwa bahari bila hiari yao. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini waliokwisha kumilikiwa waliendelea kumilikiwa. Mwaka 1897, visiwa vikiwa chini ya himaya ya Uingereza, ikatolewa amri ya kuuondolea utumwa nguvu ya sheria. Kwa amri ile mtumwa aliyetaka uhuru ilimbidi aende mwenyewe mahakamani kuuomba, na aliyelipwa fidia alikuwa mwenye kummiliki. Masuria hawakuingizwa katika amri hiyo hadi mwaka 1909.

Twapita kwenye magofu ya kasri za Mtoni na Maruhubi, twasifu mabafu yake na nguzo zake, twapiga picha, twaondoka. Ni mara ngapi tumemwambia mtoto ni nani aliyebeba yale mawe, na karafuu za nani zilizolipia zile nakshi? Dini yetu imeufanya uachaji huru wa mtumwa kuwa ibada na kafara ya makosa makubwa, kwa hiyo hatuna udhuru wa kusema hatukujua uzito wa shingo ya mwanadamu. Na miongoni mwetu, katika msikiti mmoja na safu moja, wamo wajukuu wa waliomiliki na wajukuu wa waliomilikiwa. Mara nyingi ni mtu yule yule mmoja, kwa upande wa baba na upande wa mama. Kulinyamazia jambo hili hakujaleta udugu. Kumebakisha tu maneno ya kejeli ya nasaba, ambayo husikika siku za posa, pale familia moja inapoulizia "asili" ya nyingine.

Basi anayeweza kwenda Harewood na aende. Kwa kawaida jumba hufunguliwa kuanzia majira ya machipuko hadi vuli, na ni vyema kuuliza siku kabla ya kufunga safari. Chukueni chakula cha nyumbani mkale kwenye majani karibu na ziwa, na makoti ya mvua na viatu visivyoogopa matope, kwani mawingu ya Yorkshire hayana ahadi. Watoto wadogo wapelekwe kwanza kwenye bustani ya ndege, wachangamke, ndipo waingie ndani. Kisha kila chumba waulizwe maswali matatu: Nani alikitengeneza? Nani alikilipia? Nani alifanya kazi asilipwe? Msiwajibie haraka. Waacheni wayatafute majibu kwenye maelezo yaliyobandikwa, na pale yasipotajwa, wawaulize wahudumu kwa adabu.

Na mwaka utakaokuja, mkijaaliwa kurudi nyumbani kwa likizo, wachukueni watoto hao hao hadi Mtoni na Maruhubi, na maswali yale yale matatu. Huko hawatapata maelezo mengi ukutani. Itawabidi wawaulize bibi na babu zao, ambao wengi wao walisimuliwa habari hizi na watu waliozishuhudia. Hawa wanaosimulia wanapungua kila mwaka, na anayetaka kuwasikiliza asingoje likizo nyingine.