Mazembe: ni mfuko wa tajiri au ni miguu ya vijana?

Kila Mazembe inapopoteza mechi kubwa, ubishi uleule unarudi Kasumbalesa: kwa wabadilishaji wa pesa, kwa madereva wanaongojea zamu ya kuvuka mpaka, kwa akina mama wanaouza unga kando ya barabara. Wengine wanasema bila Moïse Katumbi hakuna Mazembe. Wengine wanajibu kwamba pesa haijawahi kufunga bao. Kila upande una haki yake, lakini wote wawili wanasahau jambo moja.

Klabu hii ilizaliwa Lubumbashi mwaka 1939, mikononi mwa watawa Wabenedikto. Baadaye ikabeba jina la Englebert, chapa ya matairi ya Ubelgiji. Kwa jina hilo ilitwaa kombe la mabingwa wa Afrika mwaka 1967 na tena mwaka 1968, na ikacheza fainali nne mfululizo hadi mwaka 1970. Golini alisimama Robert Kazadi. Mwaka 1968, kule Addis Ababa, Pierre Kalala wa Englebert ndiye aliyefunga bao pekee la fainali dhidi ya Ghana, na Kongo ikawa bingwa wa Afrika kwa mara ya kwanza.

Je, timu ile ililetwa na tajiri? Hapana, si kwa namna inayojulikana leo. Kilichokuwepo ni mlango uliofungwa. Serikali ya Mobutu iliwarudisha nyumbani wachezaji waliokuwa Ubelgiji, na waliobaki nchini hawakuruhusiwa kwenda kucheza nje. Vipaji vikakaa pamoja miaka mingi, vikazoeana. Makombe yalikuja, ila wachezaji wenyewe ndio waliolipa gharama, maana hawakuwa na haki ya kuchagua pa kuuza jasho lao.

Baada ya Kombe la Washindi la mwaka 1980, Mazembe ilikaa karibu miaka 30 bila taji la Afrika. Je, Katanga iliacha kuzaa wachezaji? La. Watoto wa Kenya, Kamalondo na Katuba waliendelea kupiga mpira vumbini kama baba zao. Lakini Gécamines iliporomoka, mishahara ikakatika, na mchezaji mzuri akatafuta njia ya kuondoka. Kipaji kilikuwepo. Aliyekosekana ni mtu wa kukishika.

Katumbi alishika uongozi wa klabu mwaka 1997. Wanaosema pesa ndiyo kila kitu wahesabu vizuri: taji lake la kwanza la Afrika lilikuja mwaka 2009, miaka 12 baadaye. Kama kombe lingeuzwa dukani, tajiri asingengoja muda wote huo. Baada ya hapo makombe yalifuatana: Ligi ya Mabingwa mwaka 2010 na 2015, Kombe la Shirikisho mwaka 2016 na 2017.

Pesa ilifanya nini basi? Ilimfanya Trésor Mputu abaki Lubumbashi katika miaka ambayo nguvu zake zilikuwa zimekamilika. Ilijenga kiwanja cha Kamalondo, kilichofunguliwa mwaka 2011 na kinachochukua watu 18,500. Ilileta Wazambia kama Rainford Kalaba na Stoppila Sunzu, na Watanzania Mbwana Samatta na Thomas Ulimwengu. Samatta alifika mwaka 2011 kutoka Simba akiwa kijana asiyejulikana sana. Mwaka 2015 alifunga mabao 7 katika Ligi ya Mabingwa, akachaguliwa mchezaji bora kati ya wanaocheza barani Afrika, kisha akaenda Genk.

Lakini pesa ina mipaka yake. Mwaka 2010 Mputu, nyota wa nyota, alifungiwa na FIFA mwaka mzima. Bila yeye Mazembe iliichapa Espérance ya Tunisia mabao 5 kwa 0 nyumbani katika fainali. Desemba hiyo, kule Abu Dhabi, iliishinda Pachuca ya Mexico na Internacional ya Brazili, ikawa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Inter Milan iliwafunga 3 kwa 0, lakini dunia ilikuwa imekwisha kumjua Robert Kidiaba akirukaruka kwa makalio. Mwaka uliofuata timu ileile ya kitajiri iliondolewa katika Ligi ya Mabingwa kwa sababu ya karatasi za mchezaji mmoja, baada ya Simba kulalamika. Hapo mfuko haukusaidia kitu.

Kisha likaja jaribio kubwa zaidi. Mwaka 2016 Katumbi aliondoka nchini. Agosti 2018 alipotaka kurudi, ilikuwa ni hapahapa Kasumbalesa alipozuiwa kuvuka. Akiwa nje, timu ilitwaa makombe mawili ya Shirikisho, la pili likiwa chini ya kocha Pamphile Mihayo, mtoto wa nyumbani aliyewahi kuvaa jezi hiyohiyo. Tangu hapo timu hiyo ya wanaume haijapata taji jingine la Afrika. Kilichojengwa kilidumu kidogo, kisha kikapungua.

Marekani waliweka kikomo cha mishahara katika mpira wa kikapu mwaka 1984 na katika mpira wao wa miguu mwaka 1994, ili tajiri mmoja asimeze wote. Kongo tatizo ni kinyume chake: wanaolipa vizuri ni wachache mno. Kuwawekea kikomo ni kumsindikiza mchezaji mpakani.

Basi jibu ni hili: kipaji ndicho kinachojenga, na pesa ndiyo inayokizuia kisitawanyike. Jambo linalosahauliwa ni udongo kinapoota. Tajiri huvuna, hapandi. Malori yanapita Kasumbalesa mchana na usiku yamebeba shaba, na miguu ya vijana inaifuata njia hiyohiyo.

Wengine watasema familia zilizokimbia vita zinahitaji unga na hema kabla ya mpira. Ni kweli, na hakuna anayepaswa kuwanyang'anya sahani. Lakini sheria ya madini ya mwaka 2018 inazitaka kampuni kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozizunguka, na asilimia 15 ya mrabaha wa madini ni haki ya komuni, sekta na usultani ambako machimbo yapo. Kiwanja cha watoto kinahitaji ardhi iliyopimwa na kuandikwa, isigeuke kesho kuwa maegesho ya malori. Kinahitaji pia mipira na mwalimu mmoja mvumilivu.

Mtoto aliyefika juzi na mzigo kichwani ana mguu sawa na wa mtoto wa Kamalondo. Viongozi wa Haut-Katanga waulizwe kiwanja chake kiko wapi, na waulizwe sasa, kabla tajiri mwingine hajatokea.