Tulimtoa kwenye grupu kabla ya kumsikiliza

Mwaka jana, saa mbili usiku, ujumbe uliingia kwenye grupu letu la WhatsApp: ati fulani ameiba sabuni za mgao. Hakuna aliyeuliza nani ameona. Saa tatu tulikuwa tumeshamtoa, na kesho yake akatolewa kwenye timu ya mpira. Shirika alilokuwa anajitolea nalo likamwambia asirudi. Barua hakupewa.

Wiki tatu baadaye katoni zikapatikana. Zilikuwa zimeandikwa kwenye stoo nyingine. Karatasi ya stoo ikasahihishwa siku hiyohiyo. Jina la mwenzetu, hakuna aliyelisahihisha.

Tangu hapo tumebishana sana, sisi vijana wakimbizi wa Kongo, tulio kambi ya Kinama hapa Muyinga na wenzetu wanaoishi Gitega. Swali ni hili: shirika, kanisa au timu ina haki ya kumkataa mtu kwa sababu ametuhumiwa tu?

Wenzetu wa Gitega walisema ndiyo, na wana hoja. Shirika si mahakama, halimfungi mtu jela. Kwa nini lilazimishwe kukaa na mtu lisiyemwamini? Tena kusubiri hukumu kunaweza kuumiza wengine. Mkurugenzi wa Oxfam nchini Haiti aliruhusiwa kujiuzulu mwaka 2011 baada ya kashfa ya ngono, kisha akapata kazi kwenye shirika lingine. Dunia ilikuja kujua vizuri mwaka 2018. Na nyumbani kwetu, wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, wanawake waliahidiwa kazi ili watoe miili yao. Tume huru iliyoundwa na WHO ilitoa ripoti Septemba 2021: watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wafanyakazi wa WHO. Dada zetu walinyamaza kwa sababu aliyewaumiza ndiye aliyekuwa anagawa kazi. Kwa hiyo msitumie neno "haki ya mtuhumiwa" kumfunga mdomo anayelalamika. Hilo tunalikataa wote.

Lakini wa Kinama tulijibu: ninyi mko mjini. Mtu wa Gitega akikataliwa kwenye duka moja, anavuka barabara anaingia lingine. Kambini atavuka aende wapi? Shirika lililokufukuza ndilo linalogawa, na majirani zako ndio wale wale waliosoma ujumbe. Kwa sheria ni shirika binafsi, sawa, lakini kwa mkimbizi neno lake ni zito karibu kama la serikali. Mwenye uzito kama wa serikali awe pia na adabu ya kusikiliza. Uhuru wa kumkataa mtu upungue kadiri milango yake mingine inavyopungua. Hapo ndipo tulipokubaliana.

Wala si jambo la kigeni. Wenyeji wetu Warundi wana bashingantahe, wazee wanaosikiliza pande zote mbili kabla ya kukata neno. Na mashirika yenyewe, baada ya kashfa zile, yameanzisha tangu 2019 mpango wa kuulizana kuhusu mtu anayeomba kazi: je, alipatikana na kosa la unyanyasaji wa kingono katika miaka 5 iliyopita? Neno "alipatikana" ni muhimu. Linamzuia mkosaji kuhama na siri yake, lakini pia linahitaji kwamba mtu fulani alikaa akachunguza.

Kwa hiyo tunawaomba ninyi mnaofanya kazi ya misaada, na tunajiomba sisi wenyewe. Kama kuna hatari, msimamishe mtu leo leo, hasa aliye karibu na watoto au anayegawa vitu. Kusimamisha si kuhukumu. Halafu mwambieni kwa maandishi anatuhumiwa nini, bila kumtaja aliyelalamika kama hilo litamletea hatari. Msikilizeni. Wekeni tarehe ya jibu. Mpeni mtu mwingine wa kumkatia rufaa, asiwe yule yule aliyemfukuza. Na akionekana hana kosa, tangazeni pale pale tuhuma ilipotangazwa.

Hili la mwisho alitufundisha yeye mwenyewe. Tulikwenda kwake watatu kuomba radhi. Alitutazama, akasema: "Mulinitoa mbele ya batu mia moja na makumi ine. Sasa munakuja kuniomba musamaha tukiwa bane tu ndani ya nyumba?"

Hatukuwa na jibu. Ndiyo maana tunaandika hapa, mbele ya wote: ndugu yetu hakuiba. Sisi ndio tulikosa. Kwenye timu nafasi yake ipo, akitaka. Asipotaka, tutaelewa.