Waacheni Wamama Waangalie Amor Powers

Hapa kwetu Kampala, mtu akitaka kuonyesha kwamba amesoma, anaanza kwa kuzisema vibaya tamthilia za Wafilipino. Mchungaji anazitaja madhabahuni kati ya pombe na uchawi. Kijana wa semina anasema zinalaza akili za watu. Yule mtu wa shirika anayekuja kutufundisha biashara ndogondogo anauliza tunakaa saa ngapi kwa wiki mbele ya televisheni, anaandika namba kwenye karatasi, anatikisa kichwa. Wote watatu wanakubaliana jambo moja: mama wa Kikongo aliyetembeza vitenge toka asubuhi, Nsambya mpaka Kabalagala, akirudi jioni miguu imevimba, hana haki ya kukaa chini na kumlilia Amor Powers.

Mimi nasema ana haki. Tena nasema hivyo nikiwa mwanaume, baba wa watoto, mtu wa mpira, ambaye kwa desturi yetu hatakiwi hata kulijua jina la Amor Powers. Nalijua. Nalijua na la mtoto wake, na la aliyempa mimba akamwacha. Vijana wa kwetu wananicheka: "Papa, nawe unaangaliaka bile bintu? Si ni ya bamama?" Ndiyo, naangaliaka. Sasa nielezeni ubaya wake uko wapi, tujibizane.

Kwa asiyeijua, ninayoisema ni Pangako Sa 'Yo, ambayo Afrika Mashariki tuliijua kwa jina la The Promise, ikiwa imetiwa sauti za Kiingereza. Ilianza kwao Novemba 2000 kwenye televisheni ya ABS-CBN, ikaisha Septemba 2002. Amor ni msichana maskini, mfanyakazi wa ndani. Anapendana na Eduardo Buenavista, mtoto wa nyumba anayofanyia kazi. Familia inakataa, Eduardo anaogopa, Amor anabaki na mimba peke yake. Anahangaika, anafika Marekani, anaolewa na tajiri, anarudi na jina jipya na hasira ya miaka yote. Binti aliyedhani amekufa yuko hai, anaitwa Yna, na amependana na Angelo wa nyumba ileile ya Buenavista. Halafu yuko Claudia, mke wa Eduardo, ambaye ubaya wake haupumziki hata Jumapili. Mwaka 2015 waliitengeneza upya na waigizaji wengine, lakini wamama wa kwetu wanashikilia kwamba yenyewe ni ile ya Jericho Rosales na Kristine Hermosa. Ndiyo maana mpaka leo watu wanaitafuta kwenye maduka ya filamu, wanawekewa kwenye flash.

Lawama ya kwanza: eti ni upuzi wa matajiri, hauna habari na maisha yetu. Anayesema hivyo hajaangalia. Tarehe 10 Julai 2000, mlima wa takataka wa Payatas, katika Quezon City, uliporomoka baada ya mvua nyingi ukafunika vibanda vya watu walioishi kwa kuokota chupa na plastiki. Waliohesabiwa kufa walizidi 200. Miezi minne baadaye tamthilia ikaanza, na ndani yake jalala linaporomoka juu ya familia ya Amor. Hapo ndipo anapopata hasira anayorudi nayo. Sasa kumbukeni Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2024, hapa hapa Kiteezi, mlima wa takataka za Kampala uliposhuka juu ya nyumba za watu wakafa zaidi ya 30. Sisi wenye kalamu tuliandika nini? Wafilipino waliuchukua msiba kama ule wakauingiza katikati ya hadithi ya mapenzi, saa ya chakula cha jioni, mahali ambapo kila mtu angeuona, tajiri na maskini. Huo ndio upuzi?

Na hiyo kazi ya ndani, je? Ufilipino ulianza kupeleka wafanyakazi ng'ambo kwa mpango wa serikali tangu mwaka 1974. Mwaka 1995 mfanyakazi wa ndani Flor Contemplacion alinyongwa Singapore, nchi yake nzima ikachemka, na mwaka huohuo maisha yake yakawa filamu, akaigizwa na Nora Aunor, nyota mkubwa kabisa wa kwao. Leo mabinti wa Kampala wanapanda ndege kwenda Saudia na Dubai kufanya kazi ileile, katika jiko lilelile, pembeni ya Mfilipino. Kwa hiyo Amor akifukuzwa kwenye nyumba ya bosi, mama wa Katwe haangalii mambo ya wageni. Anamwangalia binti wa jirani.

Lawama ya pili: eti ni ndefu mno, zinapoteza wakati. Hii ndiyo inayoniuma, maana hapa ndipo kuna kitu ambacho sisi wakimbizi tungepaswa kukiona kabla ya watu wote. Sisi tunajua habari fupi ni nini. Wengi wetu tumesimulia maisha yetu mbele ya meza, mtu anaandika. Ulitoka kijiji gani, tarehe ngapi, nani aliyekuja usiku, walikuwa wangapi. Unaambiwa ujibu swali uliloulizwa tu. Leo ukisema walikuwa wanne na miaka mitatu iliyopita ulisema watano, tayari umekuwa muongo. Mumeo mliyegombana naye wiki moja kabla ya vita, haandikwi. Yule uliyempenda kabla yake, haandikwi. Kwamba wewe mwenyewe una roho mbaya wakati mwingine, na wivu, na kwamba siku moja ulicheka mazishini, usithubutu. Mezani pale unatakiwa uwe mtu aliyeonewa, basi, toka mwanzo hadi mwisho.

Amor Powers ameonewa, tena sana. Lakini anapewa karibu miaka miwili ya kuwa na mengine. Anadanganya. Analipa kisasi hata kwa wasiomkosea. Anavaa vizuri. Anamuumiza binti yake mwenyewe bila kujua ni nani. Anapenda tena baada ya kuapa hatapenda. Na hakuna anayefunga faili na kumwambia maelezo yako yanapingana. Mama anayekaa pale jioni anaona jambo ambalo hakuna ofisi iliyowahi kumwonyesha: kwamba maskini aliyefukuzwa anaweza kuwa na hadithi ndefu, yenye kona nyingi, na watu wakaingoja. Wamama hawa wakiongea kesho yake kisimani, hawasemi "masikini Amor". Wanabishana naye. "Angemwambia ukweli mapema!" "Hapana, mimi ningefanya vilevile!" Wanamhukumu kama mtu mzima mwenye akili zake. Ni nani anayetuongelea sisi hivyo?

Tena kuna jambo la watoto. Katika familia zetu mtoto ndiye mkalimani. Yeye ameshika Kiganda na Kiingereza shuleni, mama bado. Kwa hiyo binti wa miaka kumi na mbili anatafsiri hospitali, anamtafsiria mama yake ugonjwa wa mama yake. Anatafsiri kwa mwenye nyumba anayedai kodi. Anatafsiri kwa mwenyekiti wa LC. Habari zote mbaya za nyumba zinapitia mdomoni mwa mtoto. Lakini usiku, yaka ikiwa bado ina yuniti, mtoto huyohuyo anatafsiri Angelo akimwambia Yna anampenda. Anaona aibu, anacheka, anafupisha, mama anamwambia "sema yote!" Kampala ni mji unaoelewa kazi hii, hapa VJ anayetia Kiganda juu ya filamu za watu ni nyota, muulize yeyote habari za VJ Jingo. Basi yule mtoto ni VJ wetu, na pengine hiyo ndiyo saa pekee ya siku ambayo kutafsiri hakumtii hofu. Mchungaji, unataka tuizime?

Lawama ya tatu ina ukweli, nami sitaikwepa: rangi. Hao waigizaji wakuu ni weupe kuliko Wafilipino wengi wa mitaani, na uzuri unaosifiwa ni wa ngozi nyeupe na nywele laini. Mabinti zetu wanaona, na krimu za kujichubua zinauzwa kila kona. Hilo tuliseme mbele yao, kwa sauti, tamthilia ikiendelea. Lakini tuliseme pia kuhusu video za muziki wa kwetu, na kuhusu mabango ya saluni, na kuhusu wanaume wanaotafuta "mama mweupe" halafu wanalaumu televisheni. Ukikosoa Wafilipino peke yao, hujali ngozi ya binti yako. Unatafuta sababu tu.

Na niwaambie kinachowaudhi kweli hawa wakosoaji. Wanaume wa kwetu wanaangalia Ligi ya Uingereza kila Jumamosi na Jumapili, wanalipa kuingia kibandani, wanaweka pesa za chakula kwenye kamari, wanapigana kwa ajili ya Arsenal. Hakuna semina inayouliza ni saa ngapi kwa wiki. Mpira ni mapumziko. Mapenzi ya Amor ni uvivu. Tofauti ni moja tu: nani amekaa kwenye kiti.

Sasa nawageukia ninyi, waandishi wenzangu wa jarida hili. Hebu fungueni matoleo yetu ya nyuma. Vita, msitu, mpaka, foleni, mvua, vita tena. Ni kweli yote, na mengine nimeyaandika mimi. Lakini tumeandika kama watu waliokaa mbele ya ile meza, tunajibu tulichoulizwa tu. Wako wapi wapenzi wa Bunga? Yuko wapi mama mkwe mbaya wa Katwe, Claudia wetu mwenye vitenge vya bei na simu mbili? Ndoa ya Mbembe na Mnyamulenge iliyowakasirisha wazee wa pande zote mbili hapa Kampala, nani ataiandika bila kuigeuza kuwa mahubiri ya amani?

Andikeni hizo. Ziwe ndefu, ziwe na fitina, watu wakosee na wapendane. Mpaka hapo, msiwalaumu wamama kwa kutafuta Manila kitu ambacho sisi hatujawaandikia. Na anayetaka kuja kwangu kunijibu, karibu sana, ila asije saa mbili usiku. Saa hiyo tunaangalia.