Mnatupa Cheti cha Sabuni, Sisi Tunaomba Kamba

Ndugu zetu wa Nakivale, na ninyi dada na kaka wa mashirika mnaopita hapa kusoma kimyakimya, leo tunagombana kidogo.

Tulipeleka ombi kwa shirika moja, jina tunaliacha. Tuliomba rola moja ya kamba nyembamba, ile ya nyuzi za plastiki iliyosukwa ikabaki na uwazi ndani, ili tufundishane kutengeneza kamba za kutundikia machela, zinazorefushwa na kufupishwa. Jibu: kazi hiyo haimo kwenye orodha ya fani. Orodha tunaijua kwa kichwa: kushona, kusuka nywele, sabuni, kompyuta. Halafu mmoja wao akaongeza kwa mdomo, eti machela ni mchezo wa watalii.

Haya, tuongee juu ya huo mchezo.

Kamba yenyewe, wengi wanaijua kwa jina la Dyneema, ina unene wa milimita 3 hivi, na ile ya kiwanda kizuri inabeba zaidi ya kilo 600 kabla ya kukatika. Ni nyepesi mpaka inaelea majini. Lakini inateleza, haipendi fundo. Ukiifunga fundo kama kamba ya mbuzi, fundo linaweza kuteleza, na hata likishika linakula karibu nusu ya nguvu. Dawa yake ni kuichomeka kamba ndani ya tumbo la kamba ileile. Ukivuta, ya nje inajibana juu ya ya ndani. Kadiri mzigo unavyozidi, ndivyo inavyong'ang'ania. Hakuna gundi, hakuna mashine. Sindano yake ni waya mwembamba uliokunjwa katikati.

Upande mmoja unatengeneza kitanzi kidogo kisichosogea. Ncha inapita katikati ya kamba, kamba nayo inapita katikati ya ncha, ndipo mkia unazikwa ndani. Urefu wa kuzika ni mara 72 ya unene, yaani kwa milimita 3 ni sentimita 22 hivi, na mkia unapunguzwa nyuzi polepole ili usiishe kwa kishindo. Upande wa pili ncha inaingia ndani ya kamba, inatembea kama sentimita 20, kisha inatoka na kubaki nje. Hapo unapata kitanzi kikubwa. Vuta mkia, kinafupika. Sukuma msuko wa nje ulegee, kinarefuka. Mtu akishalala, hakisogei. (Na kikae mbali na jiko: joto la nyuzi 145 hivi linaiyeyusha.)

Sasa tuambieni, hapo mchezo uko wapi? Mwenye kuweza hayo anapima, anahesabu, anajua mzigo unaenda wapi.

Walituambia pia ni hatari, mtu ataanguka. Hofu hiyo tunaiheshimu, lakini hofu inajibiwa kwa hesabu. Kamba ikishuka kwa pembe ya nyuzi 30, mtu wa kilo 70 anavuta kila upande kilo 70. Mkiikaza mpaka ibaki nyuzi 10 tu, kila upande unavutwa kilo 200 na zaidi. Ndiyo maana tunataka kamba inayorekebishwa, siyo ya kukadiria kwa macho. Na kwenye mti tunaweka mkanda mpana, gome lisiumie.

Wazee waliovua Ziwa Tanganyika kabla ya kukimbia, watu wa Baraka na Uvira, vidole vyao vinajua kuunga kamba na kushona nyavu. Machela nayo si ngeni: kule kwetu kipoyi kimebeba wagonjwa wangapi? Ujuzi uko kambini tayari, umekaa mlangoni unaota jua, na hakuna aliyeuandika kwenye fomu.

Tuseme na juu ya sabuni, maana mtaani watu wanaogopa kuisema. Kila awamu vijana wanahitimu, wote wanauza kipande kilekile kwa majirani walewale. Hatuidharau sabuni. Tunauliza nani atainunua. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kutembea. Hifadhi ya Ziwa Mburo haiko mbali, na wageni wanalala humo kwenye mahema. Kama machela ni mchezo wa watalii, basi watalii si ndio wenye pesa?

Bei tunaijua, kamba hii si rahisi na sokoni kwetu haipo. Ndiyo maana tuliomba. Kila kamba ya kutundikia inakula kama mita 3, machela moja inataka mbili. Rola ya mita 100 inatoa jozi 16. Kwa kujifunza mkono tutatumia kamba ya kawaida ya plastiki yenye uwazi ndani, hiyo tutachangishana wenyewe. Hatutaki posho ya semina wala fulana. Ombi letu bado liko mezani kwenu, kurasa mbili, na michoro tumeiweka.