Bangili za Mama na Kazi ya Tabibu

Mama mmoja alinijia baada ya sala ya Alasiri. Mwanawe amehitimu utabibu, amemaliza mwaka wa mazoezi hospitalini na leseni anayo, ila kazi hana. Ametokea mtu ataka "chai" ili jina lake liingizwe kaunti. Mama amekwisha kuvua bangili aziuze.

Nikamwambia: Dada yangu, zirudishe mkononi. Rushwa ni haramu kwa mtoaji na mpokeaji, na mshahara ulioanzia hapo ndio utakaowalisha wajukuu zako. Kijana na aombe katika zahanati za watu binafsi na za jumuiya, hata ziwe mbali na mji, na leseni aihuishe kila mwaka. Mgonjwa wa kijijini naye angoja tabibu.

Wabillahi tawfiq.