Nauli ya basi: nani alipe?

Wandugu wafanya kazi, na ninyi wote wa mji,

Kila mara bei ya basi inapopanda tunaambiwa: vumilieni, ni franka kidogo tu. Kidogo kwa nani? Mtu anayepanda mabasi mawili kwenda kazini na mawili kurudi anakilipa hicho kidogo mara nne kwa siku, mbele ya kununua unga.

Tuangalie Alexandra, karibu na Johannesburg. Tarehe 7 Januari 1957 kampuni ya mabasi PUTCO ilianza kutoza peni 5 pahali pa peni 4. Peni moja! Watu wakasema "Azikhwelwa", maana yake: hazipandwi. Wakaenda kwa miguu, maili 9 hivi kufika mjini na 9 kurudi, karibu miezi 3. Polisi waliwadai pasi njiani, wakatoa pumzi katika matairi ya baiskeli zao. Mabasi yakapita matupu.

Shauri moja lililoletwa kwanza lilikuwa hili: lipa peni 5, halafu utarudishiwa moja. Watu walikataa, na walikuwa na akili. Feza inayotoka mfukoni leo ili ingojewe dirishani kesho, sisi pia tunaijua! Ndipo zikaja tikiti za peni 5 zilizouzwa kwa peni 4, na wakubwa wa biashara wakalipa upungufu. Mwaka uleule sheria ikawalazimisha waajiri kutoa mchango kwa ajili ya mabasi. Na hiyo ilikuwa serikali ya ubaguzi wa rangi.

Sisi tuna nini? Sheria ya kazi ya Kongo ya 2002 inataja posho ya usafiri na kuitenga na mshahara. Vizuri. Lakini posho inamfuata aliyeandikwa kazi. Kibarua wa siku, mama wa soko na mwanafunzi hawana karatasi ya mshahara, na bei ya basi inawakuta palepale.

Basi tunadai kadi ya nauli, bei ipunguzwe wakati wa kuinunua, na kampuni za migodi zijaze upungufu, kwa kuwa sisi ndio tunaofika mlangoni pao kila asubuhi. Wala isiwe kadi ya mwezi peke yake: kibarua hawezi kutoa feza ya mwezi mzima siku moja, na punguzo lingekuwa la wenye mali. Iuzwe ya juma, hata ya siku, bila kuulizwa barua ya mwajiri.