Nyaya za Umeme Hifadhini: Tathmini Itangulie Uamuzi

Maji ya bwawa la Mtera, mpakani mwa wilaya yetu ya Mpwapwa na mkoa wa Iringa, hushuka na Ruaha Mkuu, hupita Kidatu, kisha huingia Rufiji. Huko, katika eneo lililokuwa sehemu ya Pori la Akiba la Selous, lililoorodheshwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1982, limejengwa Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Umeme wake hupelekwa Chalinze kwa njia ya kilovoti 400. Kutoka hapo njia nyingine ya takribani kilomita 345 imekusudiwa kufika Dodoma. Basi jambo hili si la watu wa Rufiji peke yao. Maji yamepita kwetu, na mwanga utarudi kwetu.

Hatusemi kwamba umeme haukuhitajika. Aliyeishi mgawo wa mwaka 2023, mashine za kusaga zikiwa kimya mchana kutwa, hawezi kusema hivyo. Swali letu ni la utaratibu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka athari zitathminiwe kabla mradi haujaanza, na wananchi wasikilizwe. Mkataba wa kujenga bwawa ulitiwa saini Desemba 2018, wakati Kamati ya Urithi wa Dunia ikiomba tathmini ya kimkakati ikamilike kwanza. Tathmini inayofuata uamuzi haiwezi tena kusema hapana. Hubaki kupendekeza miti ipandwe kwingine.

Njia ya umeme huonekana jambo dogo mbele ya bwawa. Lakini ukanda wake hufyekwa na kuachwa wazi daima, na barabara ya mafundi hutumiwa na jangili pia. Selous ilikuwa na tembo zaidi ya 100,000 katika miaka ya 1970. Mwaka 2014, ilipoingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, walibaki takribani 15,000. Tumbusi na korongo nao hugonga nyaya wasizoziona.

Yapo pia makaburi. Mwindaji Mwingereza Selous, aliyeuawa vitani mwaka 1917, amezikwa Beho Beho, na kaburi lake linajulikana. Ya wenyeji waliohamishwa na serikali ya kikoloni yanakumbukwa na wazee tu. Mpimaji asipowauliza, atajuaje mahali pa kutosimika nguzo?

Katika Laudato Si' (2015), namba 183, Papa Fransisko anafundisha kwamba tathmini isingoje mpango wa biashara ukamilike, bali iwemo tangu mwanzo, ikiwa huru na ya wazi, na wenyeji wawe na nafasi ya pekee katika majadiliano. Sisi wa uwanda wa kati hatuhitaji mfano wa mbali. Mwaka 1947 Waingereza walileta mpango mkubwa wa karanga hapa jirani, Kongwa. Udongo ulikuwa mgumu, mvua haba, na mwaka 1951 wakauacha. Wazee wa Kigogo wangewaambia hayo bila malipo.

Kwa hiyo wapimaji wakifika kijijini, viongozi wa jumuiya ndogondogo wasingoje siku ya fidia. Kanuni zinataka taarifa ya tathmini iambatane na muhtasari wa Kiswahili. Waombe nakala, waisome pamoja na wazee, na maswali yao yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano kabla nguzo ya kwanza haijasimama.